Siku Baiskeli Ilipobebwa

Alikuja nacho asubuhi, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
kigari chekundu kama pilipili iliyoiva,
hakina paa, hakina kiti cha nyuma,
kimo chake hakinifiki kiunoni.
Watoto wakakiita Bakuli.
Semkiwa akashuka kama mtu atokaye kwenye beseni,
mkono mmoja mlangoni, wa pili gotini,
akasema: Fundi, nataka keria.

Nikacheka. Keria?
Hapa Tanga keria hufungwa kwenye baiskeli.
Nimezifunga mimi, miaka thelathini:
keria ya magunia mawili ya mkaa,
ya kreti za soda, ya cherehani,
ya mbuzi aliyefungwa miguu, akitazama alikotoka,
ya bibi harusi mmoja wa Duga, mvua ilipoikwamisha teksi,
gauni kalikunja mapajani, viatu mkononi.
Na baiskeli haijapata kuniuliza:
mimi je, nani atanibeba?

"Ya baiskeli mbili," akasema. "Yangu, na ya mama watoto.
Tunazipeleka Pangani,
tuziendeshe kwenye mchanga ulioshikana,
pasipo bodaboda wa kumpigia honi kisogoni."
Bi Mwanakombo nyonga imemgomea tangu Ramadhani.
Tambarare kidogo anaimudu.
Kilomita hamsini, hapana.

Basi nikapima.
Boneti ya nyuma nyembamba kama kifuniko cha sufuria.
Nikachukua drili; akaushika mkono wangu.
Usilitoboe, fundi.
Aliniachia Mgiriki wa shamba la mkonge
alipofunga mashine akarudi kwao:
mshahara wa miezi saba, na mahali pa fedha, Bakuli.

Haya. Pasipo tundu, pana fundo.
Nikakata chuma cha kitanda cha besera,
nikakivisha mpira wa tyubu kisiikwaruze rangi,
nikakisimamisha kwa miguu minne juu ya boneti,
na kamba ya katani, iliyosokotwa papa hapa,
ikapita chini ya bampa, ikarudi, ikauma.
Chande, mwanafunzi wangu, akaipiga kofi.
Kimya. Haitikisiki.

Foniksi ya mume ikapanda bila maneno.
Ile ya mke, yenye kapu la ukindu, ikakataa:
usukani unagonga kichwa cha dereva,
pedeli inachungulia kwenye kioo.
Tukaigeuza. Tukaing'oa gurudumu. Tukaapa.
Jua likafika utosini nasi tungali tunaapa.
Mwisho ikakalishwa kiti cha abiria,
usukani hewani, mkanda kifuani,
ikatulia kama mgeni aliyesubiriwa.

Hapo ndipo tulipokumbuka kuhesabu.
Gari la watu wawili lilikuwa limejaa.

Bi Mwanakombo kasimama na mkate wake wa kumimina
umefungwa kwenye kitambaa, bado wa moto.
Akamtazama mumewe. Akaitazama baiskeli.
"Mke mwenzangu huyu," akasema,
"hata mahari hajatolewa, keshavishwa mkanda."
Kisha, bila kupandisha sauti:
"Shuka, Semkiwa. Lete ufunguo.
Nyonga yangu ina ugomvi na matuta,
haina ugomvi na gia."

Akaondoka. Ushungi ukashika upepo,
na kule nyuma, juu ya boneti,
gurudumu la mbele la Foniksi
likaanza kuzunguka lenyewe, polepole, kisha kwa kasi,
halina mtu wa kulikanyagia,
haligusi lami, halibebi kitu.
Sikuwahi kuliona gurudumu likizunguka hivyo.
Niliacha spana ikaanguka.

Semkiwa alibaki barabarani na nusu ya mkate.
Nasikia Mwahako askari alimsimamisha mkewe,
akalizunguka gari mara mbili akitafuta kosa,
kosa likawa halina jina;
akaishia kuuliza keria ile imegharimu kiasi gani.
Lakini hayo yalikuwa baadaye.
Wakati ule mtu mzima alikuwa ananitazama,
makombo kwenye masharubu:

Fundi, huna baiskeli ya kuazima?